Kumbe Si Kiseyeye

Nina meno ishirini na matatu. Idadi naijua kwa sababu nimelazwa mara nyingi kwenye kile kiti cha kliniki ya meno, na kila mara nimesikia yakihesabiwa kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtu anayeita mahudhurio ya asubuhi. Kuna wakati nilikaribia kubaki na machache zaidi ya hayo. Kuna wakati pia nilikaribia kumpoteza mke wangu huku tukiishi nyumba moja, na mambo hayo mawili siwezi kuyasimulia mbalimbali. Namwandikia mtu mzima mwenzangu ambaye leo asubuhi ametema mate yenye damu, akayafukia kwa mguu, akaendelea na shughuli zake.

Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka thelathini na mitatu, sehemu kubwa ya miaka hiyo hapahapa Kwedizinga. Sasa nimestaafu, nalima mahindi na ufuta, na nina michungwa kumi na minne nyuma ya nyumba. Watu bado wananiita Mwalimu Mhina, na nakiri kwamba napenda kuitwa hivyo. Nalisema hili mapema kwa sababu ugonjwa wangu ulikuwa kwenye fizi, lakini uliokuwa unaulisha ni ualimu wangu.

Damu ilianza wakati wa vuli, miaka michache iliyopita. Nilikuwa uani napiga mswaki, nikatema, nikaona povu lina wekundu. Fizi hazikuuma hata kidogo. Kama zingeuma ningekwenda zahanati siku ileile, maana mimi si mtu wa kuvumilia maumivu, mke wangu atakuambia. Lakini haziumi, na hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulijue. Zinatoka damu, zinavimba kidogo, zinakuwa nyekundu mahali pa kuwa na rangi yake ya kawaida, na wewe unaendelea kula na kucheka.

Wala sikuwa na wasiwasi, kwa sababu ugonjwa ule nilikuwa naujua. Nimeufundisha kwa vizazi. Ningeuliza, "Fizi kutoa damu ni dalili ya ugonjwa gani?" na darasa zima lingeitikia, "Kiseyeye!" Ningeuliza husababishwa na nini, wangeimba, "Ukosefu wa vitamini C!" Swali hilo nimelitunga kwenye mitihani ya kila muhula, na aliyelikosa alinisikitisha kweli. Basi nikajiandikia dawa mwenyewe. Asubuhi glasi ya juisi ya machungwa, jioni maji ya ndimu, na kwa vile mimi si mchoyo wa elimu, nikawaandikia na wa nyumbani.

Mke wangu, Mama Zubeda, alinitazama nikikamua ndimu akasema kwa upole, "Baba Zubeda, sisi tunakula machungwa tangu tuzaliwe. Hiyo vitamini tumeikosea wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote. Nikamjibu, "Kwani wewe uliishia darasa la ngapi?"

Aliishia la nne. Baba yake alimtoa shule akalee wadogo zake, na jambo hilo linamuuma mpaka leo. Alichukua ungo wake akaenda kupepeta mchele upande wa pili wa nyumba.

Kosa la pili lilifuata la kwanza. Kila nikipiga mswaki damu ilitoka, nikaona kwamba mswaki ndio unaozichuna fizi. Nikauweka mswaki kando. Nikawa nasukutua kwa maji ya chumvi na kupitisha kidole, basi. Damu ikapungua, nami nikajisifu kwamba machungwa yanafanya kazi. Ulipita mwaka, ukapita na wa pili. Nilikunywa juisi nyingi kuliko mtoto wa mwenye duka.

Kisha mwili ukaanza kunijibu. Fizi za chini mbele zilishuka, meno yakaonekana marefu, ya mtu nisiyemjua. Katikati yake pakaota kitu kigumu cha rangi ya udongo ambacho ukucha haukuweza kukibandua. Nikila mahindi ya kuchoma, meno sita ya chini mbele yalikuwa yanacheza. Niliacha mahindi, nikaacha muhogo mbichi, nikaacha nyama ya msibani, ambayo sharti uitafune kwa meno hasa. Nilibaki na wali, uji na bada, ule ugali laini wa muhogo. Asubuhi mto wangu ulikuwa na alama ya mate ya rangi ya kutu. Mdomoni nilikuwa na ladha ya senti ya shaba muda wote.

Harufu sikuisikia. Mwenye nayo haisikii. Niliona tu kwamba vijana wakija kuniamkia, "Shikamoo mwalimu," nikiitikia marahaba wanarudi hatua moja. Nilidhani ni adabu. Masika moja Mama Zubeda alihamia chumba alicholala binti yetu kabla hajaolewa. Alisema nakoroma. Tumeishi pamoja miaka thelathini na minne nikikoroma, lakini sikuuliza. Niliogopa kuuliza, na nadhani sehemu ya moyo wangu ilikuwa inajua.

Kwetu mtu mzima haambiwi kwamba mdomo wake unanuka. Mwalimu ndiyo kabisa. Mtoto hawezi, jirani hawezi, na mke akisema akajibiwa vibaya hatimaye haongezi. Anayeweza ni mtani tu. Sisi Wazigua tuna utani na Wanyamwezi tangu enzi za mababu, na hapa kwetu yupo Bi Kalunde, ambaye baba yake aliletwa kukata mkonge akazeekea hukuhuku. Msiba wa Mzigua haunogi mpaka Bi Kalunde aje kuuharibu.

Basi alifariki mzee wa jirani, tukakusanyika. Bi Kalunde akaja amevaa koti la marehemu kinyumenyume, akadai apewe kuku la sivyo kaburi halichimbwi. Watu wanacheka huku wanalia. Nikainuka kumjibu, maana utani hujibiwa, nikamsogelea na kuanza kusema. Akaziba pua kwa upande wa khanga, akageukia umati.

"Jamani Wazigua! Mnamzika mmoja, na huyu mwingine mmemwacha anaoza akiwa amesimama?"

Msiba mzima uliangua kicheko. Nilicheka na mimi, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Wakati nacheka niliwaona watu usoni. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanajua wote, tangu siku nyingi.

Baada ya mazishi Bi Kalunde alinifuata nilipokaa peke yangu. Koti alikuwa amelivua. "Mtani," akasema, "ule haukuwa utani. Nenda hospitali. Watu wako wanakuheshimu mno, watakuheshimu mpaka meno yaishe."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama Zubeda anakoka moto. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia mara tatu kwamba huo si ugonjwa wa machungwa," akasema bila kugeuka. "Mara ya kwanza ukaniuliza niliishia darasa la ngapi. Ya pili na ya tatu ulikuwa hunisikilizi."

Nilitaka kusema samahani. Neno hilo mdomoni mwangu lilikuwa geni, likakwama. Nilisema, "Kesho nakwenda Korogwe," naye akasema, "Chukua sweta, asubuhi kuna baridi."

Binti yetu Zubeda ameolewa Kwamndolwa, hukohuko Korogwe, kwa hiyo nilifikia kwake. Kliniki ya meno niliyokwenda ni ya vyumba viwili na baraza lenye mabenchi. Nimekaa mabenchi yale saa nyingi kuliko nilizokaa msikitini mwaka ule, Mungu anisamehe. Benchi la meno halina maongezi. Mmoja kashika shavu, mwingine kafunga kitambaa kichwani kama mama aliyejifungua, na ukiuliza kila mtu atakwambia amekuja kung'oa. Hakuna aliyekuja kutibiwa. Kwetu daktari wa meno ni mtu wa kung'oa, na sisi huenda kwake tukiwa tumeshakata shauri wenyewe.

Tabibu alikuwa binti wa Kisambaa kutoka milimani Lushoto, umri wa Zubeda wangu. Tulimwita Dokta Hilda. Aliponiamkia niliitikia nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Akanishika mkono akauteremsha taratibu mpaka kwenye paja langu. "Hapa hatuzibi, mwalimu," akasema. Sijui kama alijua alichonifanyia. Ilikuwa muda mrefu mtu hajanisogelea kiasi kile.

Nikamweleza kwa kifupi, kama mtu wa taaluma kwa mwenzake. "Dokta, nina kiseyeye sugu. Nimekitibu kwa machungwa na ndimu, lakini hakisikii."

Hakucheka. Alichukua kijiti cha chuma chenye alama za vipimo, akawa anakichovya kati ya jino na fizi, akimtajia muuguzi namba. Mbili, tatu, tano, sita, sita, saba. Nilipopata nafasi ya kusema nikauliza hizo ni alama za nini. "Ni kina cha mifuko iliyoingia chini ya fizi," akasema. "Hapa, mwalimu, mwenye namba kubwa ndiye aliyefeli."

Kisha akanipa somo nililopaswa kulijua. "Ulichofundisha ni kweli. Mwenye kiseyeye hutoka damu fizi. Lakini wewe umekisoma kinyume. Mbuzi ana miguu minne, ila si kila chenye miguu minne ni mbuzi. Wengi wanaotoka damu fizi hawana kiseyeye. Wana uchafu uliokaa kwenye meno mpaka ukawa jiwe, fizi ikaukimbia, na mfupa unaoshika jino ukaanza kuliwa. Jiwe hilo haliyeyuki kwa ndimu. Na fizi ikitoka damu, mwalimu, mswaki hauachwi. Ndipo unapopiga vizuri zaidi, kwa mswaki laini."

Niliketi pale nikiwa na kitambaa cha karatasi shingoni na miaka thelathini na mitatu ya ualimu.

Akanipima sukari kwa tone la kidole, akasema fizi na sukari huchocheana. Ilikuwa imepanda kidogo, akaniachisha juisi. Nikamwomba anieleze ukweli kuhusu meno sita ya chini, kama ni ya kung'oa ayang'oe tuyamalize. Baba yangu alikuwa kibogoyo kabla ya miaka sitini, nikajua zamu yangu imefika. Dokta Hilda akakataa. Alisema atasafisha kwanza, juu na chini ya fizi, kwa awamu nne, kisha tungoje miezi mitatu, na fizi zenyewe ndizo zitakazosema yapi yanabaki.

Nikawa na kalenda mpya. Sikuhesabu miezi, nilihesabu pande. Upande wa kulia juu ulikuwa mwishoni mwa masika, barabara bado ina matope. Sindano ya ganzi inachoma, sitakudanganya, lakini ikishaingia unasikia tu kelele na maji yanayoruka, na vile vipande vya jiwe vikidondoka kwenye kisahani. Alinionyesha kimoja. Kilikuwa cheusi, cha ukubwa wa punje ya mtama, na nilikuwa nimetembea nacho nikisalimiana na watu.

Upande wa kushoto juu ulikuwa mwanzo wa kipupwe, na siku hiyo ndiyo niliyokutana na Mwanaidi. Mwanamke wa makamo aliketi pembeni yangu kwenye benchi, ukingo wa mtandio umefunika mdomo. Akanitazama sana, kisha akasema, "Shikamoo mwalimu. Mimi Mwanaidi, ulinifundisha la sita na la saba." Nikamkumbuka. Alikuwa na akili, aliketi dirishani.

Nikamuuliza amekuja kufanya nini. Akasema kung'oa. Mawili ya mbele yalishang'oka yenyewe, sasa ni yanayofuata.

"Yalianza lini?"

"Zamani, mwalimu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ananyonya. Damu ilikuwa inatoka, nikajua tu kiseyeye." Akatabasamu nyuma ya mtandio, anajivunia kwamba hajasahau. "Nikala ndimu. Si ulitufundisha?"

Wakamwita jina lake. Nilibaki nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Wakati ule sikuwaza meno yangu hata kidogo. Niliwaza madarasa yote yale, vitoto vyote vile vikiitikia kwa sauti moja, na vingapi vimekuwa watu wazima vikiwa na jibu langu mdomoni. Alipotoka, shavu limejaa pamba, nilimfuata mpaka getini nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba hakikuwa kiseyeye, kwamba arudi kwa Dokta Hilda asafishwe yaliyobaki. Hakuweza kusema kwa ile pamba. Aliinama kidogo kunipa heshima, kama alivyokuwa akifanya darasani, na heshima ile iliniuma kuliko sindano.

Pande mbili za chini zilimalizika kipupwe kikiwa kikali. Nilifundishwa kupiga mswaki upya, umri wangu huu, mbele ya kioo, nikielekeza nywele za mswaki penye mpaka wa jino na fizi na kuzungusha polepole. Nilikosea, akanirudisha. Kati ya jino na jino nilipitisha kiburashi chembamba kila jioni. Wiki ya kwanza damu ilitoka sana, nikataka kuacha. Wiki ya tatu nilitema mate meupe. Nilikaa uani nikiyatazama yale mate mpaka kuku wakaja.

Si kila kitu kilirudi. Uvimbe ulipopungua fizi zilinywea, pakabaki mianya inayopitisha upepo, na maji ya mtungi yalikuwa yananitoa machozi. Dokta alinionya mapema kwamba itakuwa hivyo, la sivyo ningedhani nimeharibiwa.

Miezi mitatu ya kungoja ilikuwa mirefu kuliko matibabu yenyewe. Mikono haikukaa mbali na meno yale sita. Kila asubuhi niliyagusa kuona kama yanacheza, mpaka Mama Zubeda akaniambia nikiendelea kuyatikisa nitayang'oa mwenyewe. Alikuwa ameketi mkekani upande wangu aliponiambia, si upande wa pili. Niliona, nikanyamaza nisije nikaharibu.

Mvua za vuli zilipoanza nilirudi Korogwe. Namba zikatajwa: mbili, tatu, tatu, mbili. Penye saba pakawa nne. Mawili ya katikati hayakuwa na mfupa wa kuyashika, yakang'olewa siku hiyo. Manne yapo. Naandika nikiyapapasa kwa ulimi.

Nilipofika nyumbani na pengo langu nilimwita mke wangu jina lake la utotoni, ambalo nilikuwa sijalitamka tangu Zubeda azaliwe, nikamwambia samahani. Nilimwambia ni kwa ajili ya darasa la nne. Alilia kidogo, kisha akaniambia pengo limenifanya nionekane mtoto wa la pili. Wiki ile alirudisha mto wake chumbani.

Ningemaliza hapo kama si mswaki wake. Siku moja nilikuwa nausuuza wangu, nikaona nywele za wa kwake zina wekundu. Nilikumbuka kwamba ndimu ziliandikiwa nyumba nzima, na kwamba niliposema mswaki unachuna fizi, niliwatangazia wote. Nilimuuliza. Akasema ni kidogo tu, tangu mwaka wangu wa pili wa juisi, hakutaka kunisumbua nikiwa mgonjwa.

Tulikwenda pamoja Korogwe kiangazi, mapema, tukaketi benchi lilelile. Yeye alikuwa anaogopa, vidole vyake vinasokota pindo la khanga. Alipolala kwenye kiti Dokta Hilda akavuta taa karibu na kumuuliza ilianza lini, inatoka damu wakati gani, na yeye mwenyewe anadhani ni nini.

Mama Zubeda aligeuza kichwa akanitazama, kama alivyonitazama maisha yetu yote pakiulizwa jambo la vitabu. Muuguzi naye akanigeukia, kalamu tayari.

"Mimi sijui," nikasema. "Muulizeni yeye."

Mama Zubeda akamgeukia tena Dokta Hilda. Kisha akaanza kusema, akaeleza kila kitu kwa mpangilio, fizi ipi ilianza, msimu gani, chakula gani kinaitonesha, mambo ambayo alikuwa ameyaangalia kwa makini miaka miwili bila kuulizwa na mtu. Dokta Hilda aliandika hadi akageuza karatasi.